Jina la Mfukoni

Jumatatu, 1 Septemba

Binti yetu kaleta mtoto wa mbwa. Kamtoa ndani ya boksi la sabuni, kamweka juu ya zulia, mbwa akakojoa. Hata dakika haikuisha. Mke wangu akaacha cherehani na sare za shule alizokuwa anashona, akasema Mungu wangu, zulia langu. Binti akasema ni jike, ana wiki nane, kapewa na muuza nyama ambaye mbwa wake kazaa sita. Kisha sauti ikampungua kidogo. Akasema Jumapili anaondoka kwenda chuoni, na hataki kutuacha wawili tukitazamana mezani kama abiria waliokosa gari.

Tukitazamana! Mimi na mama yake tuna mengi ya kuzungumza. Jioni ya leo tumezungumzia zulia.

Jambo kubwa ni hili: mbwa hana jina.

Niandike polepole. Mimi ni karani wa usajili wa vizazi, mwaka wa ishirini na nne huu. Nimeandika majina ya watu wa kujaza uwanja wa mpira. Kwa mwandiko mzuri, si kwamba najisifu. Lakini jina nililotoa mimi, kwa kichwa changu mwenyewe, nikampa kiumbe chochote kile? Hakuna. Hata moja.

Mtoa majina wa ukoo wetu ni Dada. Dada yangu mkubwa, mkunga mstaafu. Dada akimpokea mtoto, kitovu hakijakatwa, jina limeshatoka. Mapacha wa jirani, yeye. Paka wa zahanati, yeye. Hata lile shimo la barabarani mbele ya nyumba yake lina jina, na watu wanaelekezana njia kwalo. Yeye anatoa, mimi naandika.

Binti yetu vilevile. Miaka kumi na tisa iliyopita nilikuwa na jina tayari. Tunu. Kitu cha thamani, zawadi adimu, haipatikani mara mbili. Nililifikiria miezi minane. Nikaliandika kwenye karatasi, nikalitia mfuko wa shati, sikumwambia mtu, hata mke wangu. Nilitaka nilitangaze siku yenyewe, kwa heshima zote. Siku ikafika. Nikaona karatasi imechakaa kwa jasho, nikatoka mara moja kutafuta kalamu niandike nyingine. Karani mzima sina kalamu! Niliporudi wodini, Dada amembeba mtoto, na mtoto ameshaitwa jina la bibi yetu. Wote wanafurahi. Nikafurahi. Jumatatu yake nikaliandika jina la bibi kwenye daftari, kwa mkono huu huu, nakala mbili.

Sasa nauliza: jina zuri lioze mfukoni? Mbwa ni jike. Ataitwa Tunu. Nimekata shauri, na hajui mtu.

Mke wangu kasema Dada anakuja Jumamosi kumuaga binti, basi mbwa atapewa jina hapo hapo. Kama kawaida! Tutaona.

Jumanne, 2 Septemba

Mpango wa kwanza. Rahisi, na hapo ndipo ulipo uzuri wake. Mbwa akizoea kuitwa Tunu kabla ya Jumamosi, Dada atafanya nini? Hawezi kumvua jina mbwa aliyekwisha kuitika.

Nilirudi kutoka kazini mapema, nikajibanza nyuma ya tangi la maji, vipande vya nyama mfuko wa suruali. Nikaita kwa sauti ya chini: Tunu! Akaja mbio. Nyama. Nikaita tena. Akaja. Nyama. Salaale, mbwa ana akili huyu! Kisha nikakohoa, akaja. Nikaangusha funguo, akaja. Jirani akafungua mlango wake, mbwa akaenda huko. Mpaka kufika saa kumi na moja nilikuwa na uhakika kwamba mbwa huyu anaitika kila sauti iliyopo duniani.

Mke wangu akachungulia dirishani, akauliza nasemezana na nani. Nikasema nasafisha koo. Akaniletea maji ya moto yenye chumvi nisukutue, akasimama pale pale kuhakikisha. Nikasukutua. Mbwa akaja.

Suruali ya kazini inanuka nyama.

Binti alikuwa chumbani anapanga nguo. Akaniita nimkalie sanduku alifunge. Nikalikalia. Akasema asante Baba, akanishika bega, na mkono akauacha pale muda kidogo. Nikamwambia asisahau mfuniko wa ndoo. Kwa nini mfuniko wa ndoo, sijui. Ndicho kilichotoka.

Jumatano, 3 Septemba

Mpango wa pili, wa kisheria. Ofisini kwetu kuna kanuni inayowaliza watu wazima: jina likishaandikwa kwa wino halifutwi. Ukitaka kulibadili ulete kiapo, mashahidi wawili, tangazo, na urudi kesho mara sita. Haya, mbwa lazima achanjwe. Chanjo ina kadi. Kadi ina mstari wa jina. Nikiwahi kuujaza mstari huo kabla ya Jumamosi, Dada nimemfunga kwa wino!

Daktari wa mifugo siku ya Jumatano huanza kazi saa sita mchana. Nikaenda na mbwa ofisini ndani ya mkoba. Mke wangu nilimwambia nampeleka mbwa akaone mji. Nikamweka kwenye droo ya chini kabisa, ile iliyoandikwa Vizazi Vilivyochelewa Kusajiliwa, nikaacha upenyo wa hewa, nikamtandikia fomu. Akalala kama mtumishi wa umma mwenye cheo.

Saa nne wakaja vijana, mume na mke, na mtoto wao mchanga. Droo ikalia. Mama akamtazama mwanawe. Mwanawe kalala. Droo ikalia tena. Mama akamnyonyesha mtoto aliyelala. Mimi nikaanza kupiga mihuri kwa nguvu juu ya karatasi tupu, kumi na mitatu mfululizo, kuzima ile sauti. Bosi akatoa kichwa mlangoni akauliza kuna nini. Nikasema mhuri una kiburi leo.

Halafu likatokea jambo ambalo halijanitokea tangu niajiriwe. Yule baba kijana akasema jina hawana. Kila ndugu ana lake, wamebishana wiki mbili, wamechoka. Akasema, mzee, wewe unaona majina kila siku, tupe moja lenye maana, ni mtoto wa kike.

Miaka ishirini na nne nasubiri swali hilo! Ulimi ulikuwa umeshajiweka sawa. Nikamtazama yule mtoto. Ana masikio madogo, jamani. Nikafunga mdomo. Nikasema samahani, ninalo moja tu, nalo lina mwenyewe. Wakabaki wananiangalia. Nikawaambia warudi nyumbani, wafunge mlango, wakae wawili tu, kila mmoja aseme lililo moyoni mwake. Wakanishukuru kana kwamba nimewapa kitu.

Lina mwenyewe! Mbwa, yaani. Nilimaanisha mbwa.

Bosi akanizuia na kazi mpaka jioni, daktari sikumwahi. Na zile fomu za vizazi vilivyochelewa, kumi na moja, zimelowa. Sasa zitachelewa zaidi.

Alhamisi, 4 Septemba

Ushindi!

Daktari ni mama mmoja mpana, miwani yake ina kamba. Akamshika mbwa, akamgeuza, akamwangalia masikio, akaniangalia mimi, akaguna. Akasema sindano leo haihitajiki. Nikasema hakuna shida, sindano baadaye, kadi kwanza. Akaguna tena. Nikataja jina. Akashusha miwani akasema, na hilo nalo zuri. Sikuelewa hiyo “nalo” inatafuta nini pale, lakini sikutaka kuharibu shughuli. Nikamwomba aandike kwa wino. Akaandika. Nikaomba mhuri. Akagonga. Nikaomba agonge tena, wa kwanza ulikaa upande.

Tunu. Nimelitazama njia nzima. Nimejikwaa mara mbili.

Nyumbani nikaitia kadi kwenye bahasha moja na ile karatasi ya zamani ya mfukoni, yenye tarehe aliyozaliwa binti, niliyoiongeza siku ile nilipopata kalamu. Ndiyo taratibu ya kazi yetu: kila hati na mwenzake. Bahasha nikaitia kwenye faili la nyumba, nyuma ya cheti cha binti cha kuzaliwa. Hakuna mahali salama kuliko hapo. Nani hufungua faili la nyumba?

Mke wangu leo ana furaha isiyo na sababu. Anashona huku anaimba. Kuna kitu.

Ijumaa, 5 Septemba

Binti kafungua faili la nyumba. Chuo kinataka cheti chenyewe cha kuzaliwa, si nakala. Nimerudi kutoka kazini nimekuta faili juu ya meza, utepe umefungwa, lakini fundo si langu. Nikamuuliza kama amepata alichokuwa anatafuta. Akasema amepata, na cha ziada. Vijana wa siku hizi na mafumbo.

Chakula cha jioni hakukigusa. Nikajua ni hofu ya safari. Nikampa nasaha dakika ishirini nzima kuhusu viti vya gari, vya upande wa jua na vya upande wa kivuli, na jinsi jua linavyohama njia ikipinda. Akasikiliza mpaka mwisho, mtoto wa watu. Kisha akauliza: Baba, umewahi kumpa mtu jina? Nikasema bado. Akauliza kama nilishawahi kutaka. Nikasema kazi ya karani ni kuandika. Akauliza: Tunu ni nani?

Lo! Nikatazama mlango. Nikamnong'oneza kwamba ni mbwa, ila shangazi yake asijue mpaka kesho. Akasema ahaa. Akaenda kuosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha mimi.

Baadaye nikamkuta jikoni amekaa sakafuni, mbwa mapajani, anamwambia kitu sikioni. Macho mekundu. Nikauliza kama ni vitunguu. Akasema ndiyo. Nimepekua jikoni kote, hakuna kitunguu hata kimoja.

Jumamosi, 6 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Dada alifika saa nne, kikapu mkononi. Hata hajakaa, akamwinua mbwa juu, jinsi alivyoinua watoto wa mji mzima, akatangaza: Heshima! Mbwa akapiga chafya. Dada akasema amekubali.

Nikasimama. Nikasema kwa masikitiko makubwa kwamba amechelewa, mbwa huyu anajulikana kisheria, hati ipo. Nikaenda kwenye faili. Ndani ya bahasha kadi ipo, ile karatasi haipo. Sikuwa na nafasi ya kujiuliza. Nikaiweka kadi mezani. Wino. Mhuri, mara mbili.

Mke wangu akasema hata yeye anayo. Akaitoa chini ya kitambaa cha cherehani! Ya Jumanne asubuhi, mimi nikiwa kazini. Jina: Njoo. Nikamuuliza Njoo ndiyo jina gani. Akasema mbwa hahitaji maana, mbwa anahitaji kuja. Dada akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akafungua pochi, akatoa ya tatu. Heshima. Aliiagiza kwa simu, kaipitia leo asubuhi. Daktari mwenyewe ni mmoja wa watoto aliowapokea, na aliyempa jina ni nani kama si yeye?

Kadi tatu, mhuri mmoja, mbwa mmoja. Nikampigia simu daktari, nimefura. Akajibu bila wasiwasi kwamba sindano kachoma moja tu, ya Jumanne, na kadi ataandika hata kumi maana karatasi haimuumizi mbwa.

Basi tukaanza. Nani alitangulia, nani ana haki, jina gani lina maana. Nikasema jina lisilo na maana ni kibao kisicho na duka. Dada akasema mimi sijui majina, najua herufi tu. Hiyo iliingia.

Ndipo binti akatoka chumbani, akaweka karatasi mezani katikati ya zile kadi. Ile ya mfukoni. Imechakaa, tarehe yake ya kuzaliwa juu, jina chini. Akasema Njoo sawa. Heshima sawa. Tunu hapewi mbwa. “Hili langu,” akasema, na sauti ikakatika. Akasema kaikuta jana, kalala nayo chini ya mto, na hana hasira. Anataka tu kujua kwa nini baba yake ameona rahisi kumpa mbwa kuliko kumwambia yeye.

Nikazinyoosha zile kadi mezani, kingo kwa kingo.

Mke wangu akaichukua, akaisoma. Akasema miaka kumi na tisa nalala na mtu huyu! Dada akaisoma wa mwisho. Akavaa miwani, akavua, akavaa tena. Akaniuliza siku ile nilikuwa wapi. Nikasema nilikwenda kutafuta kalamu.

Akaketi. Akasema alinisubiri. Alisimama mlangoni na mtoto mikononi, watu wanauliza jina, mimi sionekani. Akadhani nimekimbia kwa woga, maana kazini kwake kawaona wengi wa namna hiyo. Akanionea haya. Akataja jina la bibi haraka, watu wasije wakasema mtoto huyu hata jina hakuandaliwa. “Nilidhani huna,” akasema. Nikasema nilikuwa nalo mfukoni. Akatikisa kichwa. Akasema mficha uchi hazai, wewe mtoto. Nina miaka hamsini na moja na bado ni mtoto. Lakini alikuwa amenishika mkono, na hakuuachia.

Binti akasema: basi niite, Baba. Mara moja tu.

Nikafungua mdomo. Hola. Nikasema nadhani tangi linavuja. Nikatoka. Tangi halivuji. Nikasimama nyuma yake nikajaribu kwa sauti ya chini, mara nne, mara tano. Mbwa akaja. Nikamwambia si wewe.

Jumapili, 7 Septemba

Gari la saa moja asubuhi. Stendi tulikuwa watatu, na sanduku, na mbwa kwenye boksi lake la sabuni. Nilikuwa nimeandaa maneno. Badala yake nikakagua matairi. Nikamuuliza dereva hali ya breki. Mke wangu akaniambia nimwache dereva wa watu. Binti akamkumbatia mama yake, akanikumbatia mimi, nami nikampapasa mgongo kama mtu anayetafuta swichi ya taa ukutani.

Akapanda. Mlango ukafungwa. Mke wangu aliniangalia, na mimi namjua mke wangu akiniangalia hivyo. Gari likarudi nyuma, likageuka, likaanza kuondoka.

Mimi huyo! Nikakimbia. Na viatu vya Jumapili. Nikapiga kelele mbele ya kila mtu pale stendi, wapakia mizigo, wauza maji, wote: Tunu!

Dirisha likafunguka. Kikatoka kichwa, likatoka bega, ukatoka mkono. “Abee, Baba!”

Cha kusema baada ya hapo sikuwa nimekipanga. Nikaita tena. Akaitika tena. Tukaenda hivyo mpaka gari likapinda kona.

Nimelia. Naandika kwa sababu hapa hasomi mtu. Nimelia stendi, nimelia njiani. Mke wangu kanishika mkono mpaka mlangoni kwetu, na mara ya mwisho kufanya hivyo hata mimi siikumbuki. Ndipo tukagundua tumemsahau mbwa. Nikarudi mbio. Nilimkuta anakula mkate na wapakia mizigo, na walikuwa wameshampa majina matatu.

Jumatatu, 8 Septemba

Dada kapiga simu. Kasema amejitoa. Mke wangu naye amejitoa. Kumbe wamezungumza wote, na binti yumo: safari hii jina la mbwa atalitoa baba, peke yake, bila mashindano. Dada akasema wanasubiri kwa hamu. Hakunitania. Niliona afadhali angenitania.

Nikashukuru kwa heshima zote. Nikakaa na simu mkononi. Nikagundua jambo la kutisha. Jina lingine sina! Maisha yangu yote nilikuwa nalo moja.

Nikampigia Dada nikaomba muda. Akasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Nikamjibu subira yavuta heri. Tukakubaliana Jumamosi.

Alhamisi, 11 Septemba

Majina arobaini na moja. Nimeyagawa makundi matatu: ya sifa, ya shukrani, ya tahadhari. Nimeyafuta ya tahadhari. Leo nimeyarudisha mawili.

Hawaniachi nifikiri. Mke wangu kila asubuhi anauliza jina limepatikana? Namwambia subiri. Jirani kaniuliza juu ya ukuta, subiri. Bosi ananitaka, subiri. Mbwa naye ndiyo usiseme. Nikitoka kazini ananirukia, subiri. Nikimwekea chakula anataka kuingia na miguu, subiri. Nikikaa na orodha yangu anatafuna kamba za viatu, subiri, subiri kwanza, mama, nakutafutia jina wewe.

Nyumba imepoa. Jioni nimepanga mezani sahani tatu. Mke wangu akaiona ile ya tatu, hakuiondoa. Tumekula hivyo hivyo. Baadaye alinisimulia siku binti alipotumbukiza kandambili zangu kwenye sufuria akiwa na miaka miwili, na tukacheka mpaka chai ikapoa.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimeonewa.

Dada alikuja. Daktari wa mifugo alikuja na kadi mpya, safi, na kalamu yake, kasema hii ndiyo ya mwisho, kadi anazinunua. Binti alikuwa kwenye simu, tumeiegemeza kwenye birika ili asikie. Mbwa amelala chini ya kabati.

Nilikuwa nimebakiza majina saba. Nikayasoma moja moja, na maana, na historia fupi, na faida na hasara. Kila jina nililitamka mara mbili kuelekea kabatini. Kimya. Mkia haukutikisika. Kwenye la tano daktari akaangalia saa. Nikaona njia ya haki ni moja tu: nikaomba wiki nyingine.

Hapo kukawa hakukaliki. Mke wangu akashika kichwa. Dada akainuka aje ajionee mwenyewe hiyo orodha yangu. Nikaikumbatia karatasi kifuani, nikanyoosha mkono wa pili, nikasema kwa nguvu: Subiri!

Mbwa akachomoka chini ya kabati, akaja moja kwa moja, akakaa mbele yangu. Wima. Masikio juu. Ananitazama usoni.

Nikasikia kalamu. Daktari anaandika! Kwa wino! Nikapinga. Nikasema hilo si jina, hilo ni neno tu limenitoka, sijampa. Mke wangu akasema umempa tangu Jumatatu, bwana, mara mia kwa siku. Binti alicheka kwenye simu mpaka ikaanguka kutoka kwenye birika. Dada akamwinamia mbwa, akaita, mbwa akageuka. Akasema yeye katoa majina miaka arobaini, na hajawahi kutoa linalofanana na mwenye nyumba namna hii. Akanipa mkono. Akasema karibu kazini.

Jina langu la kwanza duniani, na sikuwepo lilipotoka! Nakata rufaa. Kiapo naweza kuapa. Mashahidi wawili ndiyo tatizo, maana wote waliokuwepo wako upande wa mbwa.

Jumapili, 14 Septemba

Mbwa kalala juu ya mguu wangu ninapoandika. Kwa jina lile simwiti. Nimemwita mara nne tu leo, kwa sababu za kiusalama.

Binti kapiga simu. Nilimwita Tunu mara tatu bila sababu yoyote, akaitika mara tatu. Kasema wako wanne chumbani, chakula kina maji mengi, na anatukumbuka. Mfuniko wa ndoo kasahau. Kisha akaniuliza, kwa upole wa mama yake: Baba, kuna lingine lolote umelificha? Kama lipo liseme sasa hivi, nisije nikalikuta nikiwa bibi kizee.

Nikamwambia hakuna. Nikamwambia funzo nimelipata, tena zuri. Mtu akiwa na neno jema moyoni alitoe mapema, mchana kweupe, mwenye kulisikia akiwa bado yupo. Nililisema vizuri kiasi kwamba mke wangu alisimamisha cherehani akanitazama kama siku ya harusi.

Tukaagana. Nikaingia chumbani, nikafunga mlango.

Jina la mjukuu nimelipata! Limenijia asubuhi nikinyoa ndevu. Zuri ajabu, lina maana tatu. Binti hata mchumba hana, na chuo ni miaka minne, lakini safari hii Dada hanipati. Nimeliandika, nimelificha. Hata hapa silitaji. Sitamwambia mtu.